Mlolongo Ambao Shiundu Aliukataa

Patrobas Shiundu alikuwa na kanuni moja: hangekubali kuchaguliwa mahali ambapo mpiga kura hawezi kuificha kura yake. Aliishika maisha yake yote, na huku Kariobangi bado kuna wanaobishana kama alifanya vyema.

Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha blanketi, na mjamaa wa waziwazi wakati ambapo neno hilo lilitosha mtu kufuatwa na askari kanzu. Akisema mgomo, mashine zilinyamaza. Akisema turudi kazini, zilinguruma tena. Cheo chake chote kilikuwa ukatibu wa tawi la chama cha wafanyakazi.

Mwaka 1988 uchaguzi ulikuwa wa mlolongo. Watu walipanga foleni mchana peupe nyuma ya picha ya mtu wao wakahesabiwa, huku mwajiri, mwenye nyumba na chifu wakitazama nani amesimama wapi. Kabla ya siku hiyo Mbithi, mchonga vinyago mwenye asili ya Machakos, alimwendea Shiundu nyumbani akiwa na mafundi wenzake wa jua kali. Kwenye kiwanja chao kando ya soko wapimaji walikuwa wamechimbia mawe ya mipaka, na hakuna aliyewaambia ni ya nani. Walitaka mtu wa kuuliza Bungeni. Wote walikuwa tayari kusimama nyuma ya picha yake.

Mkewe, Ayuma, aliwapa chai. Shiundu aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akawaeleza kwamba baada ya foleni hiyo nusu yao wangefukuzwa nyumba na kazi, naye angekuwa ameketi kwenye kiti chenye mto.

"Wa kufukuzwa ni sisi, na tumekubali," Mbithi alisema. "Wewe unakataa kwa niaba ya nani?"

Shiundu alisema anakataa kwa niaba yake mwenyewe. Wakamaliza chai, wakaondoka. Aliyeshinda alikuwa mfanyabiashara mmoja wa Donholm. Foleni yake ilikuwa fupi, lakini ilihesabiwa vizuri.

Mwaka 1992 kura ya siri ilikuwa imerudi na vyama vilikuwa vingi. Shiundu akagombea. Upinzani ulikuwa na wagombea watatu, kila mmoja akiamini kwamba wenzake wawili ndio waliopaswa kujiondoa. Mfanyabiashara akarudi Bungeni. Mwaka uliofuata kiwanja cha mafundi kilizungushiwa ukuta wa mawe, na ndani yake ikajengwa bohari. Shiundu aliitisha mkutano mkubwa kuliko yote aliyowahi kuitisha. Barabara ikajaa, polisi wakaja, watu wakatawanyika. Ukuta ukabaki palepale. Bungeni hakuna aliyeuliza.

Mwaka 1997 alishinda. Alikuwa anakaribia miaka sitini, na masikio yake yalikuwa yameharibiwa na mashine. Swali lake la kwanza Bungeni lilihusu kiwanja. Waziri msaidizi alijibu kwamba hati ilikwisha kutolewa, na pingamizi lilipaswa kuletwa kabla ya hapo. Shiundu alimwomba arudie, kwa kuwa hakusikia. Akarudia.

Watu hawakumjia tena kuuliza kama wagome. Walimjia kwa matanga, karo na barua za kuombea kazi. Kiwandani walichagua katibu mwingine, ambaye alielewana sana na wakubwa.

Mbithi, ambaye sasa alichongea ukingoni mwa mtaro kwenye njia ya kwenda Mathare, alikuja kumtembelea.

"Mheshimiwa, jawabu umelipata?"

"Nimelipata."

"Na ungeuliza zile siku zetu?"

"Wangenifunga."

"Wangekufunga baada ya kuuliza," Mbithi alisema. "Swali lingebaki mle ndani, na mwenye ukuta angejua kuna mtu anamwangalia."

Ayuma, aliyekuwa akimenya viazi, alisema hayo ni kweli. Shiundu alimuuliza Mbithi kama huko mtaroni kuna kivuli, akaambiwa hakuna.

Kanuni yake ilikuwa sahihi, na hakuna aliyefukuzwa nyumba kwa sababu ya picha yake. Kwa kuishika, aliingia Bungeni wakati ambapo hakuna tena aliyemsikiliza, na mafundi wa Kariobangi walipoteza kiwanja chao.