Jua la Biryogo, Mvua ya Pwani

Mwanangu, hebu weka mkasi chini. Nimekusikia asubuhi ukimwambia yule mama, "Jumamosi utapata," na kitambaa chake bado hakijapakiwa Dar es Salaam. Umechungulia nje, umeona jua, ukatoa ahadi. Nimejiona mimi mwenyewe nilivyokuwa zamani.

Nakumbuka Novemba moja, hapa hapa Biryogo, Kigali, nina cherehani yangu ya kwanza na kiburi cha kushonea mji mzima. Akaja mama mmoja wa kilima cha Rebero anayemuoza binti yake, Uwase. Alitaka mishanana sita, yale mavazi ya sherehe ya kufungwa begani, ya bibi harusi na wasindikizaji wake, hariri ya rangi ya maziwa. Hariri yenyewe ilikuwa inakuja na lori kutoka Dar. Harusi Jumamosi ya wiki ya pili.

Bi Zubeda, aliyenifundisha kushika sindano, alikuwa na desturi yake. Hampi mteja siku mpaka awaulize madereva wa malori mbingu zikoje kuanzia pwani. Mimi nilikuwa namcheka. Kigali mvua ilikuwa imeadimika, vumbi tupu. Nikamwambia yule mama, "Jumatatu njooni mjaribu nguo."

Kumbe huko pwani dhoruba ya vuli ilikuwa inaezua mapaa! Jumatatu ikafika, lori bado. Jumanne vivyo hivyo. Mama akija, mimi najificha nyuma ya pazia, jirani anasema nimekwenda msibani. Astaghfirullah, msiba wa nani?

Jumatano Bi Zubeda akanikuta pale pale nyuma ya pazia. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Mwajuma, kitambaa iko wapi?"

"Iko njiani, Bibi."

"Njiani wapi? Umeuliza?"

Sikuwa nimeuliza.

"Wewe unaangalia jua ya Biryogo, na nguo ya watu iko kwenye mvua ya Dar. Vaa viatu. Nenda Rebero uwaambie ukweli. Leo."

Nilikipanda kile kilima, nikawaambia yote. Uwase aliposikia, alilia mbele yangu. Mama yake alinitazama mpaka nikatamani ardhi inimeze, kisha akashusha pumzi. "Yego, sawa. Ungekuja Jumatatu tungekuwa tumeshajipanga. Haya, ikifika, unataka mikono mingapi?"

Alhamisi saa sita mchana lori likaingia. Turubai lilichanika njiani, na majora yangu yameloa chepechepe. Nilikaa chini nikapiga yowe. Lakini Kigali, mwanangu, jua lilikuwa linawaka! Tukafunga kamba toka mlango wa bucha hadi ukuta wa msikiti, uchochoro mzima hariri. Saa nane wingu likajikusanya upande wa Masoro. Tuliiona mvua kwa macho yetu ikimwagika kule, na sisi huku tumesimama chini ya kamba, mikono juu, tayari kuanua. Wingu halikuvuka. Hata tone! Watu walishangilia kama wamefunga goli.

Shangazi watatu wa Uwase wakashika pasi za mkaa, Bi Zubeda akakata, mimi nikashona mpaka vidole vikafa ganzi. Ijumaa alasiri nikakata uzi wa mwisho.

Jumamosi nilimvika Uwase kwa mikono yangu. Alipotoka, vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Mama yake akanivuta mbele ya wageni wote: "Huyu ndiye fundi wetu!" Nililia hadharani, na sioni haya kusema. Tangu siku ile Rebero nzima inashuka kwangu.

Sasa nikwambie. Kabla ya kutaja siku, uliza hali ya hewa ya huko mzigo unakotoka, si ya hapa mlangoni. Simu yako inakuonyesha anga ya kila mji, sisi tulikuwa tunakimbilia malori. Na ukikwama, mfuate mteja siku hiyo hiyo, kwa miguu yako. Mimi jua liliniokoa, lakini lisingenisaidia kitu kama nisingepanda Rebero kwanza.

Yule mama wa asubuhi, hukumjua? Ndiye Uwase. Anamuoza binti yake, na amekuja kwetu bila kuuliza bei.

Mungu akupe mikono myepesi na ulimi usioitangulia mikono hiyo, na harusi hii uimalize ukiwa na furaha kuliko niliyokuwa nayo mimi. Haya, chukua simu, piga Dar.