Wimbo Mmoja, Vitabu Viwili

Katika ploti ya nyumba za kupanga niliyoishi Mutuini, kamba ya nguo ilikuwa yangu peke yangu kila Jumapili. Majirani walipotoka kanisani, Biblia kwapani, walinikuta nimeinamia karai, povu hadi viwikoni, wakanitazama kwa huruma. Sikuwajali. Jana yake ni mimi niliyewapita wao wakifua, nimevaa nguo zangu za kanisani, nikawahurumia vilevile. Kwetu magharibi sisi ni watu wa Jumamosi tangu enzi za babu. Sabato inaingia Ijumaa jua likizama na kutoka Jumamosi jua likizama, na hapo katikati hufui, huuzi, wala husafiri kwa shughuli zako.

Basi nikampenda mtu wa Jumapili. Ofisi zetu zilikuwa katika jengo moja katikati ya jiji, na tulikuwa tumeshazoeana sana kabla ya yeyote kumuuliza mwenzake anasali siku gani. Familia yake ilitoka Ukambani zamani ikakaa Dagoretti, na mama yake ndiye kiongozi wa akina mama kanisani kwao. Suala la siku liliulizwa na wazazi. Baba yangu alisema harusi ya Jumamosi hataikanyaga. Mama mkwe akasema Jumapili ni ya Bwana, si ya keki.

Mimi nilikuwa na neno moja tu: baba yangu atasimama mbele ya watu, aniwekee mkono kichwani, anibariki. Mama alikuwa amekwisha kutangulia, kwa hiyo baraka ya mzazi iliyobaki ilikuwa hiyo moja. Bila hiyo siolewi. Niliwaambia pande zote mbili, nikashikilia uzi huo huo mpaka wakachoka na mimi.

Tukachagua Ijumaa. Tungeanza asubuhi, alasiri tumemaliza, na jua likizama baba yangu awe ameshapumzika nyumbani kwangu Mutuini. Kila mtu alijipongeza kwa busara hiyo. Hakuna aliyekumbuka lango.

Bwana harusi hachukui bibi harusi hivi hivi. Watu wake huja wakaimba nje ya lango, wanawake wa upande wa bibi harusi huwajibu wakiwa ndani, na lango halifunguliwi mpaka wa ndani waridhike. Shangazi zangu, waliolishika lango la ploti yetu, walikuwa wamesafiri kutoka mbali na hawakuwa na haraka ya kuridhika. Wale wa nje waliimba za Kikamba, wakaimba za Kiswahili, wakacheza mpaka vumbi likatimka. Kisha mmoja wao akaanzisha wimbo wa zamani wa kanisani, ule ambao kila mtu anaujua. Shangazi wakaudaka.

Sauti ni ileile, lakini kitabu chao cha nyimbo na chetu havina maneno sawa. Kwenye ubeti wa pili wao wako mtoni, sisi tumeshapanda mlimani. Kila upande ulidhani wenzao wamesahau maneno, ukapaza sauti kuwasaidia.

"Hivyo sivyo!" shangazi yangu mkubwa alifoka kupitia kitundu cha lango.

"Ndivyo, mama! Hebu sikizeni vizuri!"

Wakarudi ubeti wa kwanza. Nilikuwa dirishani na shela yangu kichwani, nikacheka hadi machozi yakanitoka. Halafu nikaangalia jua lilipofika, nikaacha kucheka.

Nimelifikiria sana lango lile. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuvilinganisha vile vitabu viwili. Shangazi alijifunza maneno yale akiwa mgongoni kwa bibi yangu, na yule wa nje alijifunza mgongoni kwa bibi yake. Husemwa mwamba ngoma huvutia kwake, lakini wale hawakuona kwamba wanavuta. Nami ukiniuliza kwa nini Jumamosi, nitakupa aya, tena nyingi. Lakini aya zilikuja baadaye. Kwanza ilikuja Ijumaa ya mama: sufuria zimeipuliwa, nguo zimepigwa pasi, ndoo zimejaa maji, na nyumba nzima inanyamaza ghafla. Ningewezaje kuamini kwamba mama alikosea siku?

Lango lilifunguliwa adhuhuri imeshapita. Kanisani kwao, pasta naye alihubiri kama mtu aliyelipiwa ukumbi hadi wiki ijayo. Tulipofika kwenye hema nyuma ya kanisa, chakula kikachelewa, na vivuli vikaanza kurefuka. Jua lilikuwa limekaribia milima ya Ngong nilipomwona baba akichukua kofia yake. Alikuja hadi kwenye meza yetu, akainama.

"Mama, lazima niende sasa. Unajua mwenyewe."

"Baba, hujanibariki."

"Nimemuuliza yule mwenye maiki. Anasema bado."

Sikukaa kumsikiliza zaidi. Nilishika shela yangu kwa mkono mmoja, nikaenda kwa mshereheshaji.

"Nipe maiki."

"Madam, relax. Bado kuna mwenyekiti wa kamati, halafu uncle, halafu keki, ndio tuitishe wazazi."

"Mwenyekiti atangoja. Uncle atangoja. Jua haliwezi kungoja."

"Lakini program, si unaona..."

Nikamnyang'anya. Liwe liwalo. Niliwaambia watu kwamba Sabato ya baba yangu inaingia, na kwamba atatubariki sasa hivi. Minong'ono ikazagaa. Nilimwona mama mkwe amekaza midomo, nikasema moyoni leo ni leo. Kisha akasimama, akamshika mwanawe mkono, akamleta mbele kama mtoto wa shule.

"Mzee," alisema, "bariki watoto."

Baba aliweka mkono mmoja juu yangu na mwingine juu ya mume wangu. Mkono wake ulikuwa mzito. Alipofumbua macho baada ya sala, jua halikuwepo tena. Aliitazama milima, akaitazama kofia yake, akaomba maiki.

"Kwetu Sabato inafunguliwa kwa wimbo," alisema, "popote inapomkuta mtu."

Akaanzisha ule ule wa langoni. Hema zima likasimama. Nililia waziwazi, kwa furaha, poda yote ikaenda na maji.

Baadaye, tulipokuwa tukiagana, baba aliniambia kwa upole, "Wakwe zako ni watu wazuri sana. Ni maneno tu wamekosea." Na mama mkwe, akikusanya sahani, akaniambia, "Baba yako ni mtu wa Mungu kabisa. Ni siku tu ndio anakosea."

Kule hemani, wimbo wa baba ulipofika ubeti wa pili, mume wangu alikuwa amenishika mkono, anaimba karibu na sikio langu, yuko mtoni. Na mimi, pamoja na mapenzi yangu yote kwake, nilijua bila shaka lolote kwamba ni yeye aliyekosea. Nikamfinya mkono, nikapaza sauti.