Picha ya Daraja Iliyohamia Nizwa

Mama ndiye aliyenitoa kwetu Ibra hadi Nizwa, kwa kosa lake mwenyewe. Wiki iliyopita alikuja Rukia, mke wa binamu yangu anayekaa Nizwa, akaisifu picha yetu ya Kijapani. Mama akamjibu kama tujibuvyo sote: "Chukua, yako hiyo." Ndiyo adabu yetu, na mgeni naye huapa kuwa hachukui. Lakini Rukia amekulia Bujumbura. Akashukuru, akaichukua!

Ni picha iliyochapwa kwa ubao uliochongwa: wasafiri wanavuka daraja, mvua inawapiga, kofia za majani zimewafika puani. Marehemu baba aliileta mwenyewe kutoka Japani. Tangu afariki, Mama humwonesha kila mtu yule wa nyuma mwenye mzigo: "Huyu mume wangu, anakwenda zake." Sasa ukuta mtupu, na chakula hakimpiti kooni.

Saa kumi na mbili asubuhi nikatia gari moto. Roho haitulii hata kidogo. Nitaombaje kitu kilichokwishatolewa? Nikikiomba, nimemwaibisha Mama.

Izki nilisimama kutia petroli, nikaondoka bila ya hata kununua maji. Hapo shauri likanijia: nitaisifu. Akiwa keshajifunza adabu yetu, atasema chukua, nami nitachukua, basi!

Saa mbili u nusu, Nizwa. "Karibu wifi! Mama hajambo?" Picha ilikuwa sebuleni, mbele yangu khasa. Ikaja halua, ikaja kahawa. Kwa wasiwasi nikasahau kutikisa kikombe kuonesha nimetosheka, akawa ananijazia tu.

"Wifi, picha imependeza hapo," nikasema.

"Ichukue, yako hiyo." Kumbe keshafunzwa na mama mkwe!

"Hasha! Wallahi sichukui."

Ya Rabi, nani kasema vile? Akashikilia, nikaapa tena. Akashikilia, nikaapa mara ya tatu. Akacheka: "Haya wifi, nisikuudhi."

Saa sita nilikuwa Ibra. Mama alisimama mlangoni, akaitazama mikono yangu. Nikamweleza yote. Safari hii imenifunza kuwa ulimi wangu haunisikilizi mimi, unamsikiliza yeye.

"Ulikataa mara ngapi?"

"Tatu, Mama."

"Nimekulea vizuri," akasema, akajifunika uso kwa ushungi, akalia. Sikujua nimbembeleze vipi, na mimi ndiye niliyemwacha baba Nizwa.