Tulikuwa Wawili Kwenye Micro

Akili yangu inakataa, jamani. Jana tumemzika Deo kwao Nyakisasa, na leo nimeamka na swali la kumuuliza.

Kwa msiomjua, Deo alikuwa mwalimu wa hesabu kule Ngara. Mimi nafundisha huku Biharamulo. Tulikuwa tunasoma masters ya uchumi, kila mtu akiwa kituoni kwake. Wenzetu wa huku tulioanza nao waliacha mmoja mmoja, microeconomic theory ikawashinda. Tukabaki wawili.

Kwao simu hukamata mnara wa Burundi na saa yake inarudi nyuma kwa saa nzima. Discussion ya saa tisa, yeye anaingia saa kumi, ametulia kabisa, kama vile mimi ndiye niliyewahi. Nikimgombeza anasema mpaka uko pale nyuma ya migomba, yeye afanyeje.

Halafu voice note zake! Ndefu, na mbuzi wanalia nyuma.

Kitabu kina kanuni ya msingi, wanaiita axiom: mtu ukimpa vitu viwili, lazima aweze kusema anapenda kipi zaidi, au kwamba kwake ni sawa tu. Mimi nilikariri nikapita. Deo alibisha wiki nzima. Bibi yake aliambiwa achague akaishi kwa mtoto yupi kati ya wawili, akanyamaza, na hadi leo hajajibu. Na si kwamba kwake ni sawa.

"Huyo bibi, dada, axiom haimwezi," aliniambia.

Bibi mwenyewe jana alikuwepo. Nilimwamkia shikamoo, akanishika mkono, hakuuachia.

Kabla ya mazishi, baba yake mdogo aliniita, wanaandika wasifu wa marehemu, alikuwa anasomea nini hasa? Nikaeleza nilivyoweza: jinsi watu wanavyochagua, jinsi masoko yanavyotulia. Mzee alinisikiliza kwa adabu zote, akaandika.

Wasifu uliposomwa, marehemu alikuwa amebakiza kidogo awe meneja wa benki. Waombolezaji wakasikitika sana. Mimi nikageuka kumtafuta wa kucheka naye, na mtu huyo ndiye aliyekuwa ndani ya jeneza.

Sikujua upweke wa namna hii upo. Mume wangu ananipenda, wenzangu shuleni wamenichangia rambirambi, lakini hakuna hata mmoja ninayeweza kumwambia nimekwama wapi.

Mtihani wa micro ni mwezi ujao. Wananiambia niahirishe. Nami, niseme ukweli, nilishaamua kuacha kabisa.

Deo, leo mchana nimeifungua ile proof ya micro, ule uthibitisho tuliouacha katikati. Nimekaa nayo mpaka nikaona tulipokosea. Ni sisi wote wawili, si mimi peke yangu kama ulivyodai.

Nimefurahi kidogo tu. Halafu nimekosa wa kumwambia, nikalia hapo hapo mezani.

Mtihani nitaufanya. Nenda kapumzike, mwalimu. Ulale salama.