Nilimwita mchumba wa binti yangu "muuza mechi" mbele ya wazee wake: mimi na mrushaji wa baseball hapa Joburg

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlio nyumbani na mlio ugenini kama mimi.

Humu mimi ni msomaji wa kimya kwa miaka mingi. Leo naandika kwa sababu jambo limenifika shingoni. Nitalieleza lilivyokuwa, pamoja na pale linaponiaibisha. Majina tu nimebadili.

Mimi ni Mtanzania, mzee mstaafu, naishi ghorofani kule Berea, Johannesburg. Shule niliishia form four. Maisha yangu yote hapa nimefanya ulinzi, mlangoni pa jengo la ofisi kule Marshalltown, mpaka nywele zikaniisha.

Mke wangu alishatangulia. Nina binti mmoja, nimwite Neema. Ni nesi, kazaliwa hapa hapa. Kiswahili anakielewa chote, ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza.

Sasa, ulinzi unakufundisha kumshuku mtu kabla hajakufikia. Unatazama mikono yake, unatazama macho, unatazama nani anampa nani ishara. Siku ya kustaafu kampuni ilichukua yunifomu na redio. Hiyo tabia waliniachia.

Mwaka jana Neema akaniletea mgeni. Kijana mrefu, Mkongo, wazazi wake wa Lubumbashi, amekulia Kensington ambako baba yake ana duka la cherehani. Nimwite Tresor.

Nikamuuliza anafanya kazi gani.

"Baseball, papa."

Nikamwambia sijauliza mchezo, nimeuliza kazi.

Akacheka, akanijibu kwa Kiswahili cha Lubumbashi. "Njo kazi yangu, papa. Niko mrushaji. Benzangu bakichoka, bananiita."

"Wasipochoka?"

"Ninakaa."

Wakuu, mtu anakuja kumtaka binti yangu, na kazi yake ni kukaa!

Akanieleza habari ndefu. Kwamba shule yao ilikuwa na kiwanja cha baseball, Mmarekani mmoja akamwona anarusha, akasainishwa akiwa bado kijana mdogo. Kwamba kule Marekani alicheza ligi za chini, wanasafiri kwa basi usiku kucha, wanalala wanne chumba kimoja. Kwamba kiwiko kilimharibika akapasuliwa, timu ikamwacha, akaanza upya kwenye timu nyingine. Miezi ya msimu anakuwa huko, miezi mingine anarudi hapa na kuchezea klabu ya wikendi ili mkono usilale.

Akakunja shati, akanionyesha kovu. Mimi nikawaza: kovu hata la panga linakaa hivyo. Joburg hii nimeona wengi wenye hadithi nzuri.

Nikamuuliza mbona hatumwoni kwenye TV. Neema akanikata jicho. "Baba, please."

Basi Jumapili moja nikaenda kiwanjani bila kumwambia mtu. Kofia nikaishusha usoni, nikakaa mwisho wa uzio.

Ambao hamuujui mchezo: mrushaji anarusha mpira, mpigaji anajaribu kuupiga kwa gongo ili akimbie kutoka kituo hadi kituo. Akivizunguka vyote, timu yake imepata pointi. Mrushaji akirusha mipira minne nje ya eneo la kupigika, mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure.

Tresor alikuwa amekaa pembeni kabisa na wenzake, wanatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda. Mechi ikaenda, ikaenda. Yeye anatema maganda.

Mwishoni timu yao ikiongoza kwa pointi moja, wapinzani wakapata mtu kwenye kituo cha pili. Kocha akagusa mkono wake wa kulia. Tresor akainuka, akaingia.

Hapo ndipo mlinzi aliye ndani yangu alipoamka.

Wakuu, kila nilichofundishwa kumkamatia mwizi, yule kijana alikifanya! Anazungumza na mwenzake wamefunika midomo kwa glavu. Yule anayedaka mipira amechuchumaa, anampa ishara za vidole katikati ya mapaja. Tresor anatikisa kichwa kukataa, anapewa ishara nyingine, anakubali. Anageuka ghafla kutazama nyuma. Kocha naye anashika pua, anashika sikio, anapangusa kifua.

Kisha mdakaji akasogea pembeni, mbali na mpigaji. Tresor akarusha mpira huko huko nje. Wa pili nje. Wa tatu nje. Wa nne nje. Mpigaji akatupa gongo, akatembea zake hadi kituo cha kwanza bila kutoka jasho.

Mtu aliyesema kurusha ndiyo kazi yake, anashindwa kulenga mara nne mfululizo? Na mechi iko ukingoni?

Nikajiambia, huyu kauza mechi. Nchi hii watu wanabeti mpaka mvua. Nikanyanyuka, nikaondoka. Sikuhitaji kuona zaidi.

Nyumbani nikanyamaza. Ningeweza kumuuliza Neema, ningeweza kumuuliza Tresor mwenyewe. Sikuuliza. Ukweli ni kwamba nilitaka niwe nimepatia.

Jumamosi iliyofuata wazee wake wakaja kuposa. Suti zimenyooka, akina mama na vitenge vya sare ambavyo baba yake, tumwite Papa Tresor, alivishona mwenyewe. Msemaji wao akaongea vizuri, kwa heshima zote. Ikafika zamu yangu.

Nikasema, "Mimi simpi binti yangu mtu anayeuza mechi."



Nikaeleza yote, na mikono nikiigiza zile ishara. Papa Tresor alikuwa ameshika chupa ya soda, akaiweka chini taratibu.

Tresor akaniuliza jambo moja tu. "Papa, uliona mpira yenye ilifuata?"

"Niliyoyaona yalitosha."

"Basi," akasema.

Papa Tresor akasimama. "Mzee, mi ninashona nguo za watu wa hii mji. Wananiachia vitambaa vyao na mioyo yao inatulia. Leo umeniita baba ya mwizi, mbele ya bibi yangu, mama yake huyu." Wakatoka wote. Neema akawafuata mpaka chini, akarudi macho mekundu, akajifungia.

Asubuhi, kabla ya kwenda shift, alinisimamishia simu yake mezani. Klabu huwa inarekodi mechi. Nikaiona mipira minne ile. Kisha upande wa kushoto wa picha nikaona kizee chenye kofia kinatoka getini, kimeupa kiwanja mgongo.

Nyuma ya kile kizee, Tresor akarusha. Mpigaji mwingine akaupiga ukaserereka chini, wenzake Tresor wakaudaka, wakawatoa wakimbiaji wawili kwa mpigo mmoja. Mechi ikaisha, wameshinda. Wenzake wakamrukia.

Neema akaniambia, "The first guy is their best hitter, Baba. You don't let him hit. You give him the base and take the next one. Coach told him to. That's his job."

Kumbe yule wa kwanza ndiye mpigaji wao hatari: unampa kituo bure kwa amri ya kocha, unamkamata anayefuata.

Maneno yangu, lakini, yalikuwa yameshashuka ngazi. Yakafika kanisani kwao, yakafika klabuni. Kwa mchezaji wa kulipwa neno hilo ni sumu. Klabuni walimwita kikaoni, wakamsafisha siku hiyo hiyo kwa sababu kocha mwenyewe ndiye aliyetoa amri. Ila kanisani hakuna kikao cha kusafisha mtu. Pale mnong'ono unaendelea mpaka leo.

Nilimpigia Tresor kuomba radhi. Alinisikiliza.

"Mi sina kasirani, papa. Lakini baba yangu hatarudia kupanda zile ngazi. Na mi siwezi kuoa bila yeye."

Mwezi ujao anaondoka kwa msimu. Mkono wa mrushaji hauna miaka mingi, naye anataka kwenda akiwa ameposa. Neema nyumbani ananipikia, ananifulia, haniongeleshi. Juzi tu alisema sentensi moja: "They came to you. Go to them." Yaani wao walinijia, sasa mimi niwaendee.

Kwetu upande wa binti hauendi kujipeleka kwa upande wa kijana. Nimelifikiria hilo mno, na nimeona kiburi changu ndicho kinachojificha humo. Jumamosi naenda Kensington. Nitakwenda na wazee wawili wenzangu, na nitayafuta maneno yangu mbele ya watu wake wote, kama nilivyoyasema mwanzo mbele yao. Jumapili nitaomba nafasi nifanye hivyo hivyo kanisani kwao.

Nilichojifunza: macho yangu yaliona sawa kila kitu siku ile. Sikuwa najua ninachokiangalia, na sikutaka kuuliza.

Wakongo mliomo humu, hasa wa Lubumbashi, naombeni mnisaidie kabla ya Jumamosi. Baba aliyetukanwa namna hii anaendewaje? Nani atangulie kuongea, mimi au mmoja wa wazee nitakaoenda nao? Na asipofungua mlango, nisubiri pale nje au nirudi siku nyingine?

Matusi nayo leteni, nayastahili. Ila na ushauri muweke.