Kifaa Kilichokuwa Moto

Nilikuwa fundi wa kituo kidogo cha redio huko Ndhiwa. Kati ya mtambo wa kurushia matangazo na antena nilifunga aisoleta, kifaa kinachomeza nguvu inayorudi kutoka kwa antena ili isiunguze mtambo.

Msimu wa mvua maji yaliingia kwenye antena, kifaa kikawa moto. Nikamwomba meneja tuzime matangazo nipande mnara.

"Hicho kidude ndicho kibovu. Huoni kinachemka?" akasema meneja, mtu asiyejua hata kubadilisha balbu.

Nilimweleza kuwa joto hilo ni ile nguvu kinayoimeza. Akaking'oa mwenyewe.

Kesho yake mtambo uliungua katikati ya matangazo ya matanga.

Barua ya kunifuta kazi aliichomoa chini ya kile kifaa, alichokiweka mezani kizuie makaratasi yasipeperuke. Kilikuwa baridi.