Sikio la Ghuba ya Hibbert

Katika Ghuba ya Hibbert, magharibi mwa Tasmania, watu hawamwamini mtu anayefanya kazi akiwa amekaa. Ukitaka kuheshimiwa uwe na mashua ya kukamata kamba koche, au uwe mpiga mbizi, au angalau unuke samaki ukiingia dukani. Glenys Brazendale hakuwa na lolote kati ya hayo. Alitunza kompyuta za shamba la samoni, zile zinazoongoza mitambo ya kuwalisha samaki, na mumewe Merv, mvuvi, alizoea kusema kwenye baa kwamba mkewe hulipwa kwa kugombana na kioo. Glenys alicheka na wenzake. Ngozi yake ilikuwa ngumu, na pale bila ngozi ngumu hukai hata msimu mmoja.

Kilichombadilisha ni nyangumi. Wapo nyangumi weusi wenye vichwa vya mviringo wanaotembea kwa ukoo, na tabia yao ndiyo balaa lao: mmoja akikwama, wengine hawamwachi. Miaka michache nyuma ukoo mzima uliingia ghubani, maji yakawatoka, wakabaki mchangani. Mji mzima ulitoka na ndoo na mashuka. Glenys alikaa na ndama mmoja majini, akimlowesha na kumsemesha, mpaka ndama akaacha kupumua. Alirudi nyumbani midomo ikiwa ya buluu, hakula, akamwambia Merv neno moja tu.

"Tungewasikia mapema, wasingefika."

Na kweli. Kila mvuvi wa pale anajua kwamba nyangumi akikutwa kwenye mdomo wa ghuba, mashua zikajipanga mstari na watu wakagonga mabomba ya chuma majini, hugeuka akarudi bahari kuu. Akishavuka fungu la mchanga, basi tena.

Watafiti wa Hobart walikuwa na dawa. Walizamisha vinasa sauti mdomoni mwa ghuba, na walikuwa na programu ya kujifunza kwa kina, iliyosikilizishwa sauti nyingi mno hadi ikaweza kuuchambua mluzi wa nyangumi katikati ya injini, mawimbi na ngurumo. Ikimsikia, inatuma ujumbe kwenye simu za wenye mashua. Ila walisema wazi kwamba hawana mtu wa kwenda kukaa huko mvuani na kuibembeleza. Glenys akasema yeye yupo. Kompyuta ikawekwa kwenye kibanda nyuma ya kituo cha zimamoto.

Hapo mateso yakaanza. Programu za aina hii zina madeko kuliko bibi harusi. Hii inataka programu nyingine ya toleo fulani iwe msaidizi wake, msaidizi naye anataka mwenzake wa toleo jingine, na wale wawili hawaelewani. Halafu ipo kadi, kile kipande ndani ya kompyuta kinachobeba hesabu nzito, nayo ina programu yake ya kuiendesha ambayo haipatani na kila mtu. Glenys alisakinisha, ikakataa. Akafuta, akaanza upya, ikakubali kisha ikafa. Kuna jioni alilia kibandani kwa hasira, akajipangusa kwa kitambaa cha kufutia mafuta, akaendelea.

Watu wa Hobart wakamfundisha kontena. Si lile la chuma la bandarini. Ni namna ya kuifunga programu pamoja na kila inachohitaji, kama unavyomfungia mtoto wa bweni sanduku lake asiende kuombaomba kwa wenzake. Kitu kimoja tu hakiingii sandukuni: ile kadi na kinachoiendesha. Hivyo hubaki nje, na sanduku halina budi kupatana navyo.

Likakubali. Glenys akajaribu kwa sauti zilizorekodiwa, likazitambua zote. Ila umeme wa ghuba hukatika kila dhoruba ikipita, na kila ukirudi programu ilikuwa ikiwahi kuamka kabla ya kadi, haiioni, inakufa. Akachoka. Akaiandikia amri: usipoiona kadi, usife, endelea kwa ubongo wa kawaida wa kompyuta. Alijivunia amri hiyo. Alimwambia Merv kwamba sasa ana mashine isiyokufa.

Na kwa kuwa Hobart waliiboresha programu mara kwa mara, aliandika pia kwamba kila kontena linapoamka lijichukulie toleo jipya kabisa. Watu wa kazi hii wanaonywa wasifanye hivyo. Andika namba ya toleo, lifunge, usiliguse. Glenys alilijua onyo hilo. Alisema atalifunga mambo yakitulia. Wote husema hivyo, na mambo hayatulii.

Mjini walimcheka, bila shaka. Tully Quaile, mvuvi mzee mwenye mashua kongwe kuliko meno yake, ndiye aliyeongoza.

"Glenys, mtoto wako wa bati kaamkaje leo?"

"Mzima. Mashua yako je, imeamka au bado unaisukuma?"

"Mwambie akisikia kamba koche anishtue. Nyangumi hawaniingizii kitu."

Kisha majira ya kuchipua simu zikalia. Mashua zikatoka, Tully akiwa wa mbele, na kweli mdomoni walikuwapo nyangumi, kundi dogo, wakizungukazunguka kama waliopotea njia. Mabomba yakagongwa. Wakageuka. Tully alirudi gatini, akaenda kumnunulia Glenys pai ya kombe yenye mchuzi wa bizari, akamwekea mezani. Tangu siku hiyo kila mwenye mashua alilala na simu karibu na sikio, na zamu za kulinda mdomo wa ghuba, zilizowachosha tangu maafa yale, zikaachwa. Ya nini kukesha baridini, na Glenys anasikiliza?

Dhoruba ya Ijumaa ile haikuwa kubwa. Umeme ulikatika, ukarudi. Jumamosi asubuhi Glenys alipita kibandani akienda kazini, akafungua mlango, akaiona taa ya kijani inayomaanisha kwamba mashine inasikiliza. Kibanda kilikuwa baridi. Siku nyingine kadi ilikipasha moto mpaka paka wa zimamoto huja kulala humo. Alidhani ni hali ya hewa. Akafunga mlango, akaenda kushughulikia mitambo ya samoni iliyokuwa imekwama.

Jumapili asubuhi, chai ikiwa mezani, Tully alipiga simu. Alikuwa anamtembeza mbwa wake ufukweni.

"Glenys, njooni," alisema. "Wako mchangani. Wote."

Walikuwa zaidi ya mia. Wengine walilala ubavu, wengine tayari walikuwa wamekwisha, na walio hai walikuwa wakiita kwa miluzi ile ile ambayo Glenys alikuwa ameisikia kwenye spika mamia ya mara akiijaribu mashine. Safari hii ilitoka kwa wenyewe.

Merv alikuwa anashusha ndoo garini. Alimuuliza polepole, kwa sababu alimpenda, "Mashine haikulia?"

"Inafanya kazi. Jana nimeiona. Taa ilikuwa ya kijani."

Watu waliokuwa karibu waliinamia ndoo zao, na kule kuinama kulimuuma Glenys kuliko tusi. Alikimbia hadi kibandani.

Alipowasha kioo, jibu lilikuwa pale juu, limeandikwa tangu Ijumaa usiku, kwa upole kabisa. Kontena lilipoamka lilijichukulia toleo jipya, kama alivyoliamuru. Toleo jipya lilitaka kiendesha kadi kipya, cha zamani halikukitambua. Kadi haikuonekana. Mashine haikufa, kama alivyoiamuru. Iliendelea kwa ubongo wa kawaida, polepole, ikitumia saa mbili kusikiliza sauti za saa moja ya bahari, na sauti zilizobaki zikipanga foleni nyuma. Glenys alitafuta saa ya sauti iliyokuwa ikisikilizwa wakati ule. Ilikuwa Jumamosi alasiri.

Ilikuwa inasikiliza jana. Nyangumi walikuwa wameingia jioni yake, na jioni hiyo mashine ilikuwa bado haijaifikia.

Ingekuwa imekufa, taa ingekuwa nyekundu. Angeiona. Wanaume wangetoka kulinda mdomo kwa macho yao kama zamani. Alikaa chini sakafuni akapiga paji la uso wake kwa kiganja, mara nyingi, bila machozi. Alisema kwa sauti kwamba amewaua. Hakuwapo wa kumkatalia. Hakuizima mashine, hakukumbuka hata kuizima. Wapo waliokuwa bado wanapumua, akarudi kwao.

Walifanya kazi hadi mchana. Mashuka, ndoo, makoleo ya kuchimba mifereji chini ya mapezi. Watu wa shamba la samoni walileta mashua kubwa, wakavuta wachache hadi kwenye kina, na wale wachache waligeuka wakarudi mchangani, kwa sababu wenzao walikuwa bado wanawaita. Miluzi ilikuwa inapungua. Glenys alimwambia Merv yote, akimwagia maji mgongo wa nyangumi jike mkubwa, kila neno likitoka kavu. Merv alisikiliza. Akamjazia ndoo.

Ndipo simu zikalia. Si moja, zote kwa pamoja, ufuko mzima, katika mifuko ya makoti na mabuti ya mpira, kwa mlio ule mkali alioupenda Tully kuwaigia watoto. Watu walisimama. Kila simu ilisema jambo moja: nyangumi wanakaribia mdomo wa ghuba, kundi kubwa, tokeni na mashua.

Tully alikuwa wa kwanza. Alitupa ndoo, akaanza kukimbia kuelekea gatini, mzee yule, buti zimejaa maji, akiwapungia wengine mkono.

"Kuna wengine!" alipaza sauti. "Twendeni, tunawawahi! Merv, chukua mabomba!"

Wanaume wakaanza kumfuata. Nyuso zao zilikuwa zimefufuka. Glenys alisimama katikati ya maji akiwatazama wanavyokimbia, kisha akapaza sauti.

"Tully, rudi."

"Tunawawahi, Glenys!"

"Rudi, Tully. Ni hawa hawa. Ndiyo kwanza inawasikia."